Shule ndogo ya Kiyahudi wameniomba niwafundishe watoto kusuka paa la kibanda cha sikukuu, naombeni ushauri

BintiUtete

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nina jambo linanizunguka kichwani karibu wiki nzima na huku nilipo sina wa kumuuliza kwa lugha yangu, kwahiyo nalileta hapa.

Mimi kwetu Utete, Rufiji, ni Muislamu, niko Ohio, Marekani, mwaka wa nne sasa. Toka mwezi wa nane nimepata kazi ya usaidizi wa mwalimu kwenye shule moja ya Wayahudi, ndogo tu, watoto 34 kuanzia chekechea mpaka darasa la sita, na madarasa wameyachanganya, wa miaka saba na wa miaka tisa wanakaa meza moja. Asubuhi linapigwa baragumu la pembe ya kondoo dume maana mwezi huu kwao ni wa kujiandaa na mwaka mpya, wanasali, halafu wanafungua vitabu wawili wawili na wanasoma kwa sauti, huyu anasoma huyu anapinga. Siku ya kwanza nilikimbilia kuwaamua nikijua wanagombana, kumbe ndo kusoma kwenyewe.

Sasa kilichonishika moyo ni kwamba wakishasoma wanatoka nje wanafanya. Juzi juzi walikuwa kwenye kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato, na zile 11 za mwanzo ni safari ya mkate, kupanda, kulima, kuvuna mpaka kuoka. Mwalimu hakuwaambia wakariri. Alileta mashuke ya ngano, wakapura kwa fimbo, wakapepeta (ungo ulikuwa wangu, nilitoka nao nyumbani Tanzania), wakachambua mawe kwa vidole, wakasaga, wakachekecha, wakakanda. Halafu ikaja swali ambalo liko kwenye Talmudi yao, kile kitabu kikubwa cha mijadala ya sheria zao: kupepeta, kuchambua na kuchekecha zote ni kutoa kibaya kwenye kizuri, kwanini zihesabiwe kazi tatu na sio moja? Mtoto wa miaka nane akainua mikono yake yenye vumbi la makapi akasema ya kwanza ni upepo unafanya, ya pili vidole, ya tatu chekecheo, mimi nimefanya zote leo na hazifanani hata kidogo. Yaani nilisisimka.

Sasa swali langu. Inakuja sikukuu yao ya vibanda, wanajenga kibanda nje na kula humo siku saba. Mwalimu mkuu ambaye ndo rabi wao alinisikia nikihadithia makuti na mikeka ya kwetu akaniomba nifundishe darasa la kati kusuka paa. Minazi hakuna Ohio, ila kuna matete mengi sana kwenye madimbwi pembeni ya barabara. Kusuka naweza, bibi yangu alinikalisha kwenye ukili tangu sijaota meno ya utu uzima. Ila nawaza mambo matatu. Moja, mimi sio wa dini yao, mikono yangu ikisuka paa la ibada yao si nitawaharibia? Mbili, kwa upande wangu mimi kama Muislamu ipoje? Tatu, na hili ndo linaniumiza zaidi, rabi kaniambia paa liwe na nafasi, usiku nyota zionekane na mvua ikija iweze kupita. Jamani mimi nimelelewa kwamba paa linalovuja ni aibu ya mwenye nyumba na ya fundi. Nawezaje kukaa mbele ya watoto nikawafundisha kitu kibovu kwa makusudi?

MchungajiMstaafu

Marahaba binti. Mimi ni Mlutheri, zamani nilipata kusoma Kiebrania Jerusalem na jioni tulikuwa tunasoma Mishna, yaani mkusanyo wa kale wa sheria zao ambao Talmudi inaujadili, na mzee mmoja, na kitabu tulichoanza nacho ni hiki hiki cha vibanda, Sukka. Kwahiyo nikujibu ninayoyajua, na mwenye neno la mwisho awe rabi wa shule yako.

La mikono yako toa hofu. Talmudi inalizungumza waziwazi, ukurasa wa 8 wa Sukka, kwamba kibanda kilichotengenezwa na wasio Wayahudi kinafaa, ilimradi kiwe kimeezekwa kwa ajili ya kivuli. Hawaulizi dini ya fundi, wanauliza paa liliwekwa kwa nia gani.

Na hapa ndo nataka uangalie vizuri maana wewe ni msusi. Mlango wa kwanza mwishoni kuna habari ya mkeka wa matete. Matete kabisa, kama yako. Mkeka ukisukwa wa kulalia haufai kuezekea, ukisukwa wa kuezekea unafaa. Matete yaleyale, msuko uleule. Tofauti ipo kichwani mwa msusi siku alipokaa chini kuanza. Kwahiyo usije ukachukua jamvi la sebuleni kwako ukawapelekea, wala usisuke huku unawaza likibaki nitalitandika. Sema tangu mwanzo hili ni la paa, na watoto waseme.

Kingine, sheria yenyewe inadai kitu kifanywe. Kumbukumbu la Torati 16 inasema jifanyie sikukuu ya vibanda, na wale wazee wa sheria wa zamani wakakamata neno kufanya wakasema ufanye, isiwe kimejifanya. Mtu akichimba shimo ndani ya lundo la mavuno akakaa humo, kivuli kipo, paa lipo, na bado sio kibanda. Mzabibu ulio hai ukitambaa juu ya fito hauwi paa mpaka ukatwe. Ndo maana nikisoma habari ya shule yako sioni kama wamechukua Torati wakaichanganya na kazi za mikono ili watoto wasichoke. Ile sheria huwezi kuielewa ukiwa umekaa.

Na hao wazee walisema baba ana wajibu kumfundisha mwanae Torati na kumfundisha ufundi, wengine wakaongeza na kuogelea majini. Rabi Yehuda akasema asiyemfundisha mwanae ufundi ni kama amemfundisha unyang'anyi.

Mtaka_Hesabu

Mimi nauliza kwa nia njema kabisa msinielewe vibaya. Kwetu tulisoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967, na andiko lake lilikuwa zuri, kichwa na mikono viende pamoja. Lakini shuleni kwangu iliishia watoto tunalima shamba la mwalimu, tunambebea maji, na hakuna hata siku moja aliyesimama akatuambia mbegu inaota vipi au kwanini matuta yanakingama na mteremko. Nilipoteza miaka mingi ya hesabu nikiwa na jembe mkononi, na nikafeli, na mpaka leo inaniuma. Sasa mtoto akishinda anasuka matete hesabu atasoma saa ngapi? Wazazi wanalipa ada kwa hilo?

BintiUtete

Kaka nimekuelewa na pole sana, hata mimi nimebeba maji hayo. Ila ngoja nikwambie ninachokiona maana niko nao kila siku. Kwanza hesabu na sayansi wanasoma kila siku baada ya chakula cha mchana, wana mwalimu wao. Halafu kile kibanda chenyewe ni hesabu tupu. Vitabu vyao havina sentimita, vina kiganja ambacho ni vidole vinne vimebanwa, na viganja sita ndo dhiraa. Kibanda kisipungue viganja kumi kwenda juu na kisizidi dhiraa 20, na upana wa ndani angalau viganja saba kwa saba. Jumanne watoto wamepima wote kwa mikono yao, mkono wa mtoto wa chekechea na wangu na wa rabi, wakaandika ubaoni, viganja kumi vya mtoto vikaishia mapajani mwangu tu na vya rabi vikakaribia kiuno. Ikazuka kelele, kiganja cha nani ndo cha sheria? Wakapiga wastani, wakatafuta dhiraa 20 ni mita ngapi, wakapata karibu mita 9, wakatoka kwenda kuangalia jengo la shule ni dhiraa ngapi.

Tofauti ninayoiona na jembe letu ni kwamba kitabu kiko pale pale mezani na kila walichofanya wanakirudia wanauliza kwanini. Sisi tulipewa jembe, ile "kwanini" ikabaki ofisini.

Kijana_wa_Mbale

Hodi, mimi ni Mganda, Kiswahili changu mtanisamehe, nimekijulia kazini. Nimekua karibu na kilima cha Nabugoye nje ya Mbale, wapo Wayahudi pale wanaitwa Abayudaya, wengi nje hawajui. Walianza 1919 wakati Semei Kakungulu, ambaye alikuwa mkuu wa vita na mtawala, aliposoma Biblia mwenyewe akaamua kushika Torati. Wakati wa Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakasali kwa kujificha, wakabaki wachache. Leo wana shule, ya msingi inaitwa Hadassah na ya sekondari ina jina la Kakungulu, na ndani wanasoma Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja. Jirani zangu Waislamu walisoma pale na kwao swali lako la pili halikuwa na uzito, wao walikwenda shule.

Watu wa kule ni wakulima, kibanda cha sikukuu wanafanya kwa matawi na majani ya migomba, na hakuna mtoto anayehitaji kufundishwa kukata au kufunga, amezaliwa anaona. Na kwenye kahawa, 2004 walianzisha ushirika na majirani Waislamu na Wakristo, unaitwa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Nimeichuma kahawa ile. Mkono wa nani umechuma tunda gani ukishafika kwenye gunia huwezi kusema.

Nashauri kitu kimoja. Usiwasukie. Ukiona kamba imelegea uache ilegee, mtoto aione mwenyewe.

Mkenya_NJ

Dada hongera kwa hiyo job. Mimi niko New Jersey mwaka wa saba naangalia mzee wa Kiyahudi mshika dini sana, so nikupatie ya jikoni maana huko ndio watu wetu huumia bila kujua. Usibebe chakula yako ya nyumbani ukaiweka kwa meza ya watoto ama kwa oveni yao hata kama ni maandazi bila nyama, uliza kwanza uonyeshwe pa kukulia. Nyama na maziwa sufuria zake ni tofauti, sponji tofauti, mara nyingi hata sinki tofauti. Kitu kingine, ukiwasaidia kuoka wacha Myahudi ndio awashe moto, wewe kanda na upange, lakini ile swichi mwachie mwalimu wao. Mimi niliwasha jiko nikifikiri nasaidia na mama wa nyumba alisimama akakosa la kuniambia, aliniona nina roho safi lakini chakula haikuliwa. Hakunifokea, alinifundisha, na tangu hapo najua.

Na ukifika msimu wa Pasaka utaona mambo, mkate wao usiochachuka kutoka maji yaguse unga mpaka utoke kwa moto ni dakika 18 pekee. Hiyo siku watoto wako watakuwa wanakimbia na saa mkononi. Ijumaa wanafunga mapema hasa majira ya baridi jua likizama haraka, panga ratiba yako ya basi na hiyo.

Ustadh_Pangani

Assalaam aleikum dada yangu. Nimefundisha madrasa miaka 26 na hili lako nimelisoma mara mbili. Kusuka paa la kivuli ni kazi ya mikono na ujira wake ni halali, hukuombwa kusali sala yao. Hata hivyo kama moyo bado mzito muulize shekhe wa msikiti wako huko umweleze kama ulivyotueleza sisi, na useme kwa mwalimu mkuu mapema mpaka wako uko wapi, anaonekana mtu wa kuelewa.

Ila nilitaka kusema la kufundisha. Sisi chuoni tulisomea ubao na wino wa masizi, tukihifadhi sura unafutwa unaandikiwa nyingine. Udhu hatukusomeshwa kwa mdomo, mwalimu wetu Mungu amrehemu alikaa na kopo la maji mbele yetu, ukiruka kiwiko anakurudisha mwanzo mbele ya wenzako. Sala ya maiti alitufundisha kwa gogo la mgomba lililofunikwa shuka. Nilikuwa na miaka kumi, na baba alipofariki nilikuwa na 31, sikutetemeka. Elimu ya dini ikiingia mkononi haitoki. Madrasa nyingi sasa hivi zimebaki na kukariri peke yake na mimi kwangu nimeirudisha kopo.

Sasa lile la paa linalovuja. Wewe ni mtu wa Rufiji. Dungu la shambani mnalala msimu mzima mkiwinga ndege na kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, lile paa lake linafanana na la nyumba?

BintiUtete

Waaleikum salaam ustadhi. Hilo swali lako la dungu limenikalisha chini usiku. Halifanani. Dungu unaliezeka haraka haraka, jua lisikuchome, ukiamka usiku unaona nyota, unasikia mpunga, na hakuna mtu aliyewahi kumcheka bibi kwa dungu lake kuvuja maana wote tulijua mvua kubwa ikija unashuka unarudi nyumbani, lile ni la msimu. Na hicho kibanda chao kumbe ni hivyohivyo, kinakuja wakati wa kukusanya mavuno, na wanakumbuka safari ya jangwani walipokuwa hawana nyumba. Nilikuwa napima kibanda kwa kipimo cha nyumba.

Nimeshamwambia rabi mpaka wangu, nasuka, nafundisha, sala nakaa pembeni, akasema ndivyo alivyotegemea.

BintiUtete

Narudi kama nilivyoahidi kwa wale mlionifuata inbox.

Tulikata matete siku mbili. Mwenye lile shamba alitushukuru sisi, maana huku matete ni magugu yanayoziba madimbwi na wanahangaika kuyatoa. Tukachanganya na mabua ya mahindi yaliyobaki kwa mkulima jirani. Kusuka kama ukili tete kavu linakataa, linapasuka, kwahiyo tukayalaza sambamba na kuyafunga kamba moja moja kama fito za dari. Kabla hatujaanza mtoto mmoja aliyesoma lile neno la mkeka alisimamisha darasa zima akasema kila mtu aseme hili ni la paa, wakasema wote, na wakanigeukia na mimi nikasema, kwa Kiswahili, hili ni la paa. Wakarudia kwa Kiswahili.

Ushauri wa kaka wa Mbale niliushika kwa shida sana. Kulikuwa na msichana anafunga fundo linateleza, mikono yangu inawasha kumsaidia, nikaikalia. La tano likakaza. Akaja kunivuta mkono nikalione.

Kuta nilitundika khanga zangu nne. Paani isingewezekana maana kitambaa hakiezeki, kitu kilichofumwa cha kuvaa au kutandika hakihesabiki, ila ukutani inaruhusiwa chochote. Rabi aliniuliza zimeandikwa nini, nikamtafsiria moja inayosema majirani ndio ndugu, akaomba imsogelee pale anapokaa.

Siku za katikati ya sikukuu watoto walikuja nusu siku kula chakula cha mchana ndani ya kibanda. Jumatano mawingu yakatanda. Mishna yao inauliza ukiwa umekaa kibandani mvua ikianza unaruhusiwa kutoka lini, na jibu ni pale uji mzito utakapoharibika. Basi mwalimu akaenda jikoni akarudi na bakuli la uji mzito wa kunde, akaliweka katikati ya meza chini ya paa letu, na watoto 11 na mimi tukainama juu yake na makoti tumeyafunga mpaka shingoni. Tone la kwanza likaingia. Wakaonja, bado. La pili, la tatu, yakaanza kushuka kwenye zile nafasi tulizoziacha, kila mmoja anaonja na kijiko chake na kubisha, wa kwangu bado, wa kwangu umekuwa maji, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.